Nyumba ya Fito Iliyouzwa kwa Pauni 10

Mwaka 1896 shirika changa la Uingereza liitwalo National Trust, lililoundwa mwaka mmoja tu kabla, lilinunua jengo lake la kwanza. Lilikuwa nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa majani, jirani na kanisa la kijiji cha Alfriston, Sussex Mashariki. Bei yake ilikuwa pauni 10. Nyumba ilikuwa hoi, na ingebomolewa kama si mchungaji wa kijiji kuhangaika huku na huko akitafuta wa kuiokoa. Matengenezo yake yaligharimu mara nyingi zaidi ya bei hiyo.

Nyumba hiyo huitwa Alfriston Clergy House, yaani nyumba ya makasisi, na umri wake umepita miaka 600. Mtu aliyekulia nyumba ya fito Kilwa au Malindi akisimama mbele yake hatahitaji mkalimani. Nguzo anazijua, mwamba anaujua, makombamoyo anayajua, na udongo uliokandikwa juu ya fito ameukandika mwenyewe siku za utoto. Nyumba za aina hii zimejaa vijijini Uingereza, na siku hizi wasomaji wetu waishio huko huzipanga, huzinunua, au huajiriwa kuzikarabati. Makala haya ni ya hao, na ya yeyote anayetaka kujua nyumba ya mti na udongo inawezaje kuwazika wajukuu wa wajukuu wa aliyeijenga.

Siri ya kwanza iko miguuni

Nguzo za nyumba zetu nyingi za fito huchimbiwa ardhini. Mkoko ni mti mgumu, lakini ardhi ina maji na mchwa, na baada ya miaka kadhaa nguzo hukatika pale pale inapokutana na udongo. Waingereza wa kale nao walichimbia nguzo, na nyumba zao hazikudumu. Mabadiliko makubwa yalikuja katika zama za kati, pale mafundi walipoacha kuchimbia na kuanza kusimamisha kiunzi kizima juu ya ukuta mfupi wa mawe. Juu ya mawe ililazwa boriti, na juu ya boriti hiyo zikasimama nguzo. Kuanzia hapo nyumba ikawa kama kitanda: ina miguu yake, haigusi maji.

Mti uliotumika zaidi ni mwaloni. Ulikatwa na kufanyiwa kazi ukiwa mbichi, kwa shoka na tezo, kwa sababu mwaloni mkavu hugeuka kuwa kama chuma na kumchosha fundi. Viungo havikupigiwa misumari. Upande mmoja ulichongwa ulimi, wa pili ukatobolewa tundu, kisha kigingi cha mwaloni kikapita katikati kuvifunga. Fundi hodari alilitoboa tundu la ulimi likiwa limepishana kidogo na la nje, makusudi, ili kigingi kikigongwa kivute mbao mbili zikumbatiane. Na mti ulivyozidi kukauka ndivyo kiungo kilivyozidi kukaza. Chuma hakikupendwa, kwani mwaloni una asidi inayokila.

Kwa kuwa mti ulikauka ukiwa tayari umesimama ndani ya nyumba, ulijipinda ulivyotaka. Ndiyo maana nyumba hizi zimeinama, madirisha yamekaa upande, na gololi ikiwekwa sakafuni ghorofani hubingirika hadi ukutani. Usiogope mwinamo wa miaka 400. Ogopa ufa wa mwezi uliopita. Ukiwa na shaka, shusha timazi kwenye nguzo, weka alama kwa penseli pande zote mbili za ufa, andika tarehe, urudi kupima misimu yote ya mwaka. Ukiona ufa umefunguka kiangazi na kujifunga majira ya baridi, nyumba inapumua tu. Ukiona unaongezeka bila kurudi, ita mhandisi anayezijua nyumba za kale. Yule wa majengo ya zege atakuogopesha bure.

Kiunzi chote kilitengenezwa kwanza chini, uwanjani. Mafundi walikipanga, wakakagua kila kiungo, wakachonga alama, aghalabu namba za Kirumi kwa kuwa ni mistari mitupu ambayo patasi inaiweza. Kisha wakakifungua, wakakipakia mikokoteni na kwenda kukisimamisha mahali pake. Alama hizo bado zinaonekana kwenye nguzo ukimulika tochi kwa upande. Hata leo nyumba ya namna hii inaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Bayleaf, nyumba ya mkulima ya karne ya 15 huko Kent, ilifanyiwa hivyo miaka ya mwisho ya 1960 ili kupisha bwawa la maji. Sasa imesimama katika makumbusho ya Weald and Downland, kijiji cha Singleton.

Kati ya nguzo na nguzo palikingwa vijiti vya mwaloni, pakasukwa fito nyembamba, hasa za mti wa heizeli, halafu pakakandikwa udongo pande zote mbili. Udongo ulichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, ukakanyagwa hadi ukashikana. Mwisho ukapakwa chokaa. Mwanamke wa Rufiji angefanya kazi hiyo tangu siku ya kwanza bila kufundishwa, isipokuwa angelalamikia baridi.

Soma masizi

Nyumba ya Alfriston ni ya mtindo wa Wealden, ulioenea zaidi Kent na Sussex. Katikati kuna ukumbi mmoja ulio wazi kutoka sakafuni hadi paani, na pembeni kuna vyumba vya ghorofa mbili vilivyochomoza kidogo kwa mbele, vyote chini ya paa moja. Ukumbini ndiko kulikuwa na maisha. Moto uliwashwa sakafuni, katikati, bila dohani. Moshi ulipanda, ukazungukazunguka makombamoyo, ukajipenyeza nje kwenye majani na matundu ya ncha za paa. Madirisha hayakuwa na vioo. Yalikuwa na nondo za mbao na vibao vya kufunga usiku.

Katika karne za 16 na 17 matofali yalipoanza kupatikana kwa watu wa kawaida, wenye nyumba walijenga dohani, na kwa kuwa moshi haukuwasumbua tena, wakakata ukumbi katikati kwa kuweka dari na kupata vyumba vya juu. Nyumba nyingi za vijijini unazoziona zikiwa na ghorofa moja na dari za kugonga kichwa zilianza hivyo, zikiwa ukumbi mmoja mrefu. Ushahidi uko darini. Panda na tochi uangalie makombamoyo. Ukiyakuta meusi, yamepakwa masizi ya zamani yanayong'aa, hiyo ni nyumba ya kabla ya dohani, na wewe pengine umeshika moshi wa chakula cha watu waliokufa kabla ya Vasco da Gama kufika Mombasa. Usiyasugue. Usimruhusu mtu yeyote ayasafishe kwa mashine ya kurusha mchanga, kwa kuwa dakika kumi za mashine hiyo hufuta historia yote na kuacha mbao zikiwa na manyoya kama mkeka chakavu.

Kuna njia ya uhakika zaidi ya kujua umri. Mtaalamu hutoboa boriti na kuchomoa kipande chembamba kama penseli, kisha hupima upana wa pete za mti na kuulinganisha na kumbukumbu za pete za eneo lile. Mwaka wa mvua nzuri huacha pete nene, mwaka mbaya huacha nyembamba. Kama ganda la nje la mti bado lipo, anaweza kutaja mwaka mti ulipokatwa, na pengine hata majira. Kwa kuwa mwaloni ulitumika mbichi, mwaka wa shoka na mwaka wa nyumba hukaribiana sana.

Aina ya pili ya kiunzi, inayopatikana zaidi magharibi na kaskazini, hutumia jozi za miti iliyopinda ambayo huanzia chini kabisa na kukutana juu kwenye mgongo wa paa, kama mikono ya mtu anayeomba. Mara nyingi shina moja lilipasuliwa katikati ili pande mbili zifanane. Sehemu kongwe ya nyumba ya Shottery alikokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri, ina jozi za namna hiyo.

Utasikia hadithi mbili karibu kila kijiji, na zote zichukue kwa chumvi. Ya kwanza ni kwamba boriti zilitoka kwenye meli iliyovunjwa, na ushahidi eti ni matundu matupu yasiyo na kazi. Mara nyingi matundu hayo yanaonyesha kitu cha kawaida zaidi: boriti iliwahi kutumika katika nyumba nyingine, au hapo hapo palikuwa na ukuta uliokwisha ondolewa. Bagala halimo humo. Ya pili ni kwamba rangi nyeusi kwenye mbao na nyeupe kwenye udongo ndiyo sura ya asili. Kwa sehemu kubwa ni mtindo ulioshamiri karne ya 19. Zamani mwaloni uliachwa ugeuke kijivu chenyewe, au ukapakwa chokaa pamoja na ukuta wote.

Adui anaitwa saruji

Hapa ndipo pa kuvuta kiti. Nyumba iliyovumilia mvua za karne sita inaweza kuuawa na mifuko michache ya saruji, tena na mtu mwenye nia njema.

Ukuta wa udongo na chokaa hunyonya maji ya mvua kidogo, kisha jua na upepo huyatoa. Kiunzi nacho hucheza kidogo kila msimu. Chokaa ni laini, kwa hiyo hucheza pamoja nacho. Saruji haichezi. Ukiipiga kwenye udongo au kuzibia nyufa kati ya mbao na ukuta, baada ya msimu mmoja au miwili hutengeneza ufa mwembamba mahali inapokutana na mbao. Maji huingia kwa ufa huo, lakini hayapati njia ya kutoka, maana saruji imefunga uso wote. Nje ukuta unaonekana mpya na safi. Ndani boriti inalowa mwaka mzima. Rangi za plastiki hufanya kosa hilo hilo kwa unyenyekevu zaidi. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu wanayajua haya, kwani kuta za matumbawe na chokaa nazo huugua zikifunikwa saruji.

Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi kwa urahisi. Ikizidi hapo na kubaki hivyo, kuvu huanza kazi, na nyuma ya kuvu hufuata wadudu. Kifaa cha kupima unyevu wa mbao si ghali, na kila mwenye nyumba ya namna hii anapaswa kuwa nacho. Pima boriti ya chini kabisa, iliyo juu ya mawe, ndiyo inayoumia kwanza. Angalia pia ardhi ya nje. Kwa karne kadhaa udongo, kokoto na lami hurundikana ukutani hadi mawe ya msingi yanazikwa na boriti inagusa ardhi, yaani nyumba imerudi kuchimbiwa. Dawa yake ni sepetu: chimba ushushe kiwango cha ardhi, elekeza maji mbali na ukuta, ng'oa mimea inayoukumbatia.

Pale penye saruji tayari, usikimbilie kuibandua yote. Bandua sehemu ndogo kwanza, pengine pembeni ya mbao, uone hali. Saruji iliyoshika vibaya hutoka kirahisi. Iliyoshika vizuri inaweza kung'oka na udongo wa kale. Mahali palipoharibika rudishia udongo kwa udongo, fito kwa fito, na umalizie kwa lipu ya chokaa. Udongo mkongwe ulioanguka usitupe. Uloweke, uukanyage upya na mabua kidogo, uurudishe ukutani ulikotoka. Chokaa ina masharti yake: haitaki baridi ya kugandisha wala jua kali la kuikausha haraka, kwa hiyo kazi yake Uingereza hufanywa kati ya majira ya kuchipua na mwanzo wa vuli, huku ukuta ukifunikwa magunia yaliyoloweshwa. Fundi anayekuambia atamaliza Desemba, mshukuru na umfungulie mlango.

Boriti iliyooza mwisho wake tu haina haja ya kutolewa nzima. Seremala wa majengo ya kale hukata sehemu mbovu na kuunga mwaloni mpya kwa kiungo cha kushikana, akibakiza kila inchi iliyo nzima. Chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, kilichoasisiwa mwaka 1877 na William Morris na wenzake, kimehubiri falsafa hiyo tangu mwanzo: tengeneza, usifanye upya. Chama hicho hutoa ushauri wa kiufundi, na kabla ya kumlipa muuza dawa za ukuta ni vema kukiuliza.

Kuhusu wadudu. Uingereza haina mchwa wetu, lakini ina wadudu wanaobungua mbao. Mmoja wao hupenda mwaloni wenye unyevu, na majira ya kuchipua hugonga kichwa kwenye mbao kumwita mwenzake. Waliokesha na wagonjwa mahututi usiku wa kimya waliusikia mlio huo, wakampa jina la mdudu wa saa ya kifo. Matundu yake yana upana wa milimita 3 hivi. Kuona matundu peke yake si habari, huenda yana miaka 200. Tafuta unga mpya uliomwagika chini kati ya Aprili na Juni. Ukiuona, tafuta maji yanatoka wapi kabla ya kutafuta dawa, kwa sababu mbao ikikauka mdudu huyo hana maisha.

Paa na moto

Paa la majani lisilovuja lina mteremko mkali, nyuzi 50 hivi, ili maji yasikae. Huezekwa kwa matete au mabua ya ngano. Matete yaliyoezekwa vizuri huweza kupita miaka 40. Mabua huhitaji kazi mapema zaidi. Mgongo wa paa ndio unaochakaa upesi, na hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15. Mwezekaji hodari huondoa tabaka la juu lililooza na kuezeka juu ya la zamani, ndiyo maana baadhi ya mapaa yana mabua ya chini kabisa yenye masizi ya zama za kati. Paa la namna hii mara nyingi halina mfereji wa maji. Upenu wake mpana humwaga maji mbali na ukuta, kwa hiyo usiufupishe.

Moto ndio hatari isiyosamehe. London ilipiga marufuku mapaa mapya ya majani mwaka 1212 baada ya moto mkubwa. Nyumba ile ya Shottery nayo iliungua sehemu mwaka 1969. Moto mwingi wa nyumba hizi huhusishwa na dohani: jiko la kuni la kisasa hutoa moshi wa joto kali na cheche, na dohani ya kale yenye nyufa hupitisha joto hadi kwenye majani. Kabla ya kuwasha chochote, dohani ikaguliwe na kamera. Isafishwe walau mara mbili kwa mwaka kama unatumia kuni. Choma kuni kavu tu, usichome karatasi wala maboksi, kwani vipande vyake huruka vikiwaka. Nyaya za umeme darini zikaguliwe na fundi mwenye leseni, na kampuni ya bima iambiwe wazi kwamba paa ni la majani. Ukificha, siku ya moto huna bima.

Kabla hujasaini

Katika England, karibu majengo yote ya kabla ya 1700 yaliyobaki katika hali inayokaribia ya asili yameorodheshwa kisheria. Madaraja ni matatu: I, II yenye nyota, na II, na zaidi ya asilimia 90 yako daraja la II. Orodha hiyo husomwa bure kwenye mtandao wa Historic England. Jengo likiorodheshwa, ndani na nje vyote vinalindwa, hata kama maelezo ya orodha hayakutaja ngazi wala mlango. Kulibadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2.

Jambo wengi hawalijui ni kwamba kosa hukaa na nyumba. Aliyetangulia akiwa amevunja ukuta wa fito bila kibali, halmashauri inaweza kukuagiza wewe mnunuzi uurudishe kwa gharama yako. Kwa hiyo mwambie wakili wako aombe nakala ya vibali vyote, na utembee nyumbani humo ukiwa navyo mkononi, chumba hadi chumba. Mkaguzi wa majengo umchague mwenyewe. Anayependekezwa na muuzaji ana mabwana wawili. Mpangaji naye asitoboe boriti wala kupaka rangi kabla ya kuuliza, na rangi ya zamani asiisugue kwa msasa, kwani huenda ina madini ya risasi. Kilicho ndani ya uwezo wake kabisa ni kufungua madirisha kila siku na kutoanika nguo vyumbani.

Na sakafu? Wengi wakiingia hutaka kumwaga zege juu ya karatasi ya nailoni ili wapate sakafu iliyonyooka. Unyevu wa ardhini uliokuwa ukitoka taratibu kwenye sakafu yote basi hukimbilia kuta, na kuta zimebeba boriti za chini. Kama sakafu ya zamani bado ipo, iache. Ya ukumbi wa Alfriston ni chaki ya vilima vya jirani, iliyotwangwa, ikashindiliwa, kisha ikamwagiwa maziwa yaliyochacha ili ishikane.